Upasuaji wa shingo huanzia chini ya mchikichi

Hotuba kwa wakazi wa Kigoma: wakwezi, wavuvi, madereva wa bodaboda, familia za wagonjwa na watumishi wa zahanati

Mwakeye! Wazee wetu, akina mama, vijana wa bodaboda, wakwezi kutoka Simbo na Mwandiga, wavuvi wa Kibirizi na Katonga, na ninyi wenzetu wa zahanati na vituo vya afya: asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza.

Tumeombwa tuzungumzie upasuaji wa shingo. Tunajua linatisha. Mtu akirudi nyumbani na kusema ameandikiwa upasuaji wa uti wa shingo, kabla hajakaa chini ameshaambiwa, "Huko ukiguswa, husimami tena." Hatutazunguka. Wengi wanaobaki kitandani baada ya upasuaji wa shingo waliingia chumba cha upasuaji tayari wamepooza. Ugwe wa mgongo, yaani shina la mishipa ya fahamu linalounganisha ubongo na mwili mzima, ukishakufa, hakuna daktari popote duniani anayeweza kuushona ukarudi. Upasuaji una kazi mbili: kuuondolea mgandamizo ugwe ambao bado uko hai, na kuikaza shingo iliyolegea isiendelee kuuponda. Kwa hiyo matokeo yanategemea sana hali aliyofika nayo mgonjwa, na hali hiyo inalindwa au kuharibiwa hapa hapa kwetu: chini ya mchikichi, ufukweni, kwenye kiti cha kinyozi, kwenye benchi la zahanati.

Kwanza tuijue shingo yenyewe. Ina pingili saba. Ya kwanza na ya pili zina maumbo yao ya pekee. Hizo ndizo zinazokuwezesha kugeuka kutazama nyuma, na kati yao hakuna diski. Kuanzia ya pili kushuka, kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye pete ngumu ya nyuzi kwa nje na ute mzito ndani. Nyuma ya diski kuna tundu la mfupa lililoshuka kutoka kwenye fuvu, na humo ndimo unamopita ugwe wa mgongo. Kwa mtu mzima tundu hilo lina nafasi ya milimita 17 hivi kutoka mbele kwenda nyuma. Likishuka chini ya 13 tunasema limeanza kubana. Chini ya 10 limebana sana. Mnaona tunavyozungumzia nafasi ndogo. Milimita chache za mfupa uliosogea au diski iliyotokeza zinatosha kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake.

Kwenye ugwe huo hutoka jozi nane za mishipa ya fahamu ya shingo. Ya tatu, ya nne na ya tano huendesha msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Ya tano huinua bega. Ya sita husaidia kukunja kiwiko na kuinua kiganja, ya saba hunyoosha kiwiko, ya nane hufumba vidole. Mhudumu anayeyajua haya anaweza kukisia jeraha liko wapi kabla hajaona picha yoyote. Majeruhi anayekunja kiwiko lakini hawezi kukinyoosha, tatizo lake liko maeneo ya pingili ya sita na ya saba. Asiyeweza kuinua hata mabega yuko juu zaidi, na huyo pumzi yake iko hatarini. Asiachwe peke yake hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye majeraha, maana kwa mkoa wetu hapa ndipo penye kilio. Mchikichi wa zamani ni mrefu. Kijana anapanda na panga na kamba. Makuti makavu yanakatika, shina limelowa, kamba imelika na hakuna aliyeikagua. Akishuka kwa kichwa au kwa bega, shingo inakunjwa kwa nguvu na pingili moja inaruka mbele ya nyingine. Miche ya tenera, aina bora ya mchikichi inayozalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, huanza kuzaa ingali mifupi, mkungu unakatwa mtu amesimama chini. Tunaiunga mkono miche hiyo kwa ajili ya mawese, na tunaiunga mkono zaidi kwa ajili ya shingo za vijana wetu.

Ziwani, maji yetu ni maangavu na yanadanganya kina. Kijana anajirusha kwa kichwa kutoka kwenye mtumbwi au gati, kumbe kina ni cha kiunoni. Utosi unagonga mchanga au jiwe, na uzito wa mwili mzima unaishukia shingo. Kwa kawaida pingili inayopasuka ni ya tano au ya sita. Kanuni ni nyepesi: mahali usipopajua, ingia kwa miguu.

Halafu mzigo wa kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na zaidi, gunia la mise, yaani kokwa za mchikichi, ni zaidi ya hapo. Mama akiteleza kwenye kilima, silika yake ni kuushikilia mzigo usimwagike. Mama zetu, utupeni. Mzigo unaobaki kichwani wakati mwili unaanguka unaikandamiza shingo na kuivunja. Kwa bodaboda tutasema moja tu: kofia isiyofungwa mkanda kidevuni inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Tuseme mtu ameanguka. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu ndipo miguu ya watu inapookolewa au kupotea.

Tunachokiona mara nyingi ni watu wawili kumkamata makwapani na kumkalisha, wa tatu kumpa maji, kisha anapakizwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na ndugu yake, kichwa kikining'inia. Aliyekuwa anachezesha vidole chini ya mti anafika zahanati havichezi tena. Waliofanya hivyo walikuwa na upendo, hakuna aliyewafundisha. Fanyeni hivi.

Asinyanyuliwe. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa, aweke viganja vyake pande mbili za kichwa cha majeruhi, viwiko vyake viegemee ardhi ili asichoke, akishikilie kichwa kama alivyokikuta. Ikilazimu kukinyoosha, afanye taratibu, na majeruhi akilalamika maumivu yamezidi, au kichwa kikikataa, aache, asilazimishe. Mwambieni majeruhi asitikise kichwa kujibu, ajibu kwa mdomo. Mwulizeni achezeshe vidole vya mikono na vya miguu, na mkumbuke ni saa ngapi na amejibu nini. Kama pumzi inakwama, taya lake lisukumwe mbele kwa vidole vya pande zote mbili, kichwa kisiinuliwe kwenda nyuma. Pumzi hutangulia shingo: asiyepumua hana shingo ya kulinda. Akitapika, mwili wote ugeuzwe ubavu kwa pamoja, kichwa kikienda sambamba na mabega.

Kumgeuza kunahitaji watu watano. Wa kichwani ndiye anayetoa amri, na hakuna anayesogea kabla yake. Watatu wakae upande mmoja: mmoja begani, mmoja nyongani, mmoja miguuni. "Moja, mbili, tatu," wanamgeuza ubavu kwa pamoja. Wa tano anatelezesha mlango, ubao mpana au uso wa meza chini ya mgongo. Kisha analazwa chali juu yake. Kunjeni vitenge viwili viwe mabunda magumu, wekeni moja kila upande wa kichwa, halafu pitisheni kitambaa juu ya paji la uso kifungwe kwenye ubao. Shingoni na kooni msifunge kitu. Kwa mtoto mdogo wekeni nguo iliyokunjwa chini ya mabega, kwa kuwa kisogo chake ni kikubwa na kikilazwa bapa kinaikunja shingo. Aliyeumia majini ageuzwe uso juu akielea, ashikiliwe hivyo hivyo, na ubao upitishwe chini yake humo humo majini. Baada ya hapo tafuteni gari ambalo mtu anaweza kulala akanyooka. Ni afadhali kusubiri gari saa nzima akiwa ametulia kuliko kufika kwa dakika kumi juu ya pikipiki.

Kwa wenzetu watumishi, mambo kadhaa ambayo tukiyakosea mgonjwa analipa. Ubao ni wa kusafirishia. Akifika kitandani atolewe, kwa sababu asiyehisi chochote anaanza kuoza makalio ndani ya saa chache. Presha ikiwa chini, tafuteni damu kwanza: tumboni, kifuani, nyongani. Lakini mkikuta presha iko chini, mapigo yako taratibu na ngozi ina joto, hiyo ni dalili ya ugwe uliokatiwa mawasiliano. Kumwaga chupa moja ya dripu baada ya nyingine kutajaza mapafu maji, na hapo anahitaji dawa ya kupandisha presha. Presha ikiachwa chini, ugwe uliojeruhiwa unakosa damu na sehemu iliyokuwa hai inakufa. Wekeni mpira wa mkojo. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, kwa watu walewale na amri ileile. Mwambieni ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja: asipofika 20, mapafu yake yanachoka na anahitaji kuangaliwa na mtaalamu wa usingizi mapema, kabla hajaanza kubadilika rangi.

Na eksirei ya shingo isiyoonyesha pingili ya saba inapokutana na ya kwanza ya kifua haijakamilika. Mabega hulifunika eneo hilo, na ndipo majeraha mengi yanapopita bila kuonekana. Mikono ivutwe kuelekea miguuni wakati wa kupiga picha, au apigwe mkono mmoja ukiwa juu. Penye CT Scan, hiyo ndiyo picha ya mifupa. MRI inaonyesha diski na ugwe wenyewe.

Pingili iliyoruka inaweza kurudishwa bila kupasuliwa, kwa kuvuta kichwa na mizani ya kilo. Vyuma viwili vyenye ncha hushikizwa kwenye fuvu, sentimita moja hivi juu ya masikio, kwa ganzi ya kuchoma tu, mgonjwa akiwa macho na anaongea. Huanza na kilo 4 au 5, kisha huongezwa kilo 2 hadi 2.5 kwa kila pingili kadiri jeraha linavyoshuka, na kila uzito ukiongezwa anapimwa nguvu na kupigwa eksirei upya. Akisema mkono umeanza kufa ganzi, uzito unapunguzwa papo hapo. Kuna majeraha ambayo kuvuta kunaua, hasa pale fuvu lilipoachana na pingili ya kwanza, kwa hiyo picha hutangulia uzito. Kazi hii ni ya aliyefundishwa. Mganga anayevuta shingo kwa taulo hajui kilichovunjika ndani.

Kwa jeraha lenye ugwe uliobanwa, wataalamu wanataka mgandamizo uondolewe ndani ya saa 24. Kutoka hapa hadi Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa ya Bugando, ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, kupitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Geita. Foleni ya kivuko cha Busisi imeondoka tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025, ila umbali haujapungua. Kwa hiyo saa zinazopotea kwa kikao cha ukoo, kwa kutafuta mganga, kwa kusubiri baba mdogo arudi toka kambi ya dagaa, zinatolewa kwenye saa 24 hizo hizo. Anayeweza bado kuchezesha hata kidole kimoja cha mguu ana nafasi kubwa kuliko asiyehisi kitu kabisa, na ndiye anayepaswa kukimbizwa kuliko wote.

Tuache ajali. Kuna ugonjwa mwingine wa shingo unaokuja kimya, na huu tunautilia mkazo kwa sababu mara nyingi hauumi. Miaka inapokwenda, diski hukauka, mifupa huota vinundu, kano za ndani hunenepa, na tundu la ugwe linabana kidogo kidogo. Mtu wa miaka 50 au 60 anaanza kudondosha kikombe. Vifungo vya shati vinamshinda. Sarafu mezani hazishikiki. Mwandiko unaharibika. Kisha miguu inakuwa mizito na mikakamavu. Anatembea kwa kutanua miguu, na gizani anashika ukuta. Akiinamisha kichwa anasikia kitu kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Kushindwa kuzuia mkojo huja mwishoni. Kwa sababu hana maumivu makali, nyumbani wanasema ni uzee, au amerogwa, au ni kiharusi. Kiharusi kwa kawaida huja ghafla, huchukua upande mmoja na mara nyingi huvuta uso. Shingo huchukua mikono yote miwili na miguu, polepole, na uso unabaki salama.

Jipimeni hapa hapa mlipokaa. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini. Fumba ngumi kabisa, fumbua kabisa, haraka uwezavyo, kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Asiyefika, na hasa ambaye vidole vyake vinafumbuka kwa kuchelewa huku kiganja kikijikunja kusaidia, aje aonwe. Halafu tembea hatua kumi kisigino mbele ya vidole. Anayeyumba naye aje. Vipimo hivi havithibitishi ugonjwa, ila ni vya bure na vinatosha kumtoa mtu nyumbani.

Kwa ugonjwa huu, ukiwa wa kati au mkubwa, au ukiwa unasonga mbele, dawa za kuchua na vidonge havifungui tundu. Matibabu ni upasuaji. Aliyekaa na dalili miezi michache hurudisha nguvu nyingi kuliko aliyekaa nazo miaka mitatu. Hili halina ubishi katika fani yetu. Kurudi kwa nguvu hutokea zaidi ndani ya miezi 6 hadi mwaka mmoja baada ya upasuaji.

Tofauti na huyo ni yule ambaye diski imebana mshipa mmoja tu wa fahamu pembeni. Huyu analia kwa maumivu: yanatoka shingoni, yanapita begani, yanashuka hadi kidole gumba au cha kati. Hulala ameweka kiganja juu ya utosi kwa sababu mkono ukiwa juu, mshipa unalegea. Kwa jinsi anavyoumia, ndugu wanadhani yeye ndiye wa kukimbizwa kwenye kisu. Kumbe wengi wao hupona bila kupasuliwa ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa dawa za maumivu walizoandikiwa, kupunguza mizigo, na mazoezi ya fiziotherapia. Anayetumia dawa kama ibuprofeni au diklofenaki aseme kama ana vidonda vya tumbo, presha au figo. Upasuaji kwake ni pale maumivu yanapogoma baada ya wiki hizo, au mkono unapoendelea kupoteza nguvu. Nisisitize pengo hili, maana linawapoteza wengi: asiyeumwa sana lakini mikono inadhoofika ana haraka kuliko anayeumwa sana na mikono yake ina nguvu.

Na vinyozi wetu. Baada ya kunyoa, kijana anakushika kidevu na kisogo, anageuza kwa nguvu hadi shingo ilie. Mteja anafurahi. Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ikichanika ukuta wa ndani kwa mzunguko ule, damu huganda na mtu anapata kiharusi, hata akiwa na miaka 30. Mwenye tundu lililobana au mfupa ulioliwa na ugonjwa anaweza kupooza palepale. Vinyozi, kandeni mabega, msizungushe shingo za watu. Wateja, kataeni.

Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Daktari Percivall Pott wa London alieleza mwaka 1779 jinsi mgongo unavyopinda na miguu kupooza, na ugonjwa huo wa pingili bado tunao. Shingoni huja na maumivu yanayoongezeka wiki kwa wiki, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili. Mtoto huanza kukishika kichwa chake kwa mikono anapoinuka kitandani. Usaha ukijikusanya mbele ya pingili, kumeza kunakuwa shida, kisha kupumua. Habari njema ni kwamba wengi hupona kwa dawa peke yake, dawa ambazo hospitali za umma hutoa bila malipo: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili hadi ifike miezi 9 au 12 kwa jumla kadiri mwongozo unavyoelekeza. Upasuaji huingia pale ugwe unapobanwa na nguvu zinashuka, pale usaha unapoziba njia ya hewa, au pale mifupa imeliwa hadi shingo haisimami. Baada ya upasuaji dawa zinaendelea hadi mwisho. Anayeacha mwezi wa tatu kwa sababu amenenepa anajirudisha mwanzo, safari hii pengine na vijidudu sugu.

Saratani ya titi, ya tezi dume au ya mapafu nayo hupenda kuhamia kwenye pingili. Maumivu yanayozidi usiku kwa mtu aliyewahi kutibiwa saratani yachunguzwe mara moja. Wengine huhitaji mionzi, katika hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam au Bugando, wengine upasuaji kwanza. Wenye baridi yabisi ya muda mrefu waseme hivyo kabla ya upasuaji wowote, hata wa ngiri, kwa kuwa pingili zao mbili za juu zinaweza kuwa zimelegea na kuinua kidevu wakati wa kuwekewa mpira wa hewa kukaleta balaa.

Upasuaji wenyewe hufanyika kwa njia ya mbele au ya nyuma. Ya mbele imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1950, ilipoelezwa na Smith na Robinson huko Baltimore, na pia Cloward huko Honolulu. Mgonjwa hulala chali. Chale ya sentimita 3 hadi 5 hupitishwa kwenye mkunjo wa ngozi upande mmoja wa shingo. Watu hushtuka kusikia unaingiliwa mbele wakati tatizo liko nyuma, lakini njia hii haikati misuli mikubwa: mishipa mikuu ya damu husogezwa pembeni, koo na umio husogezwa katikati, na pingili zinaonekana. Sindano huchomekwa kwenye diski na eksirei hupigwa kuhakikisha ndiyo yenyewe. Hatua hii hairukwi, maana pingili kwa macho zinafanana. Diski hutolewa yote hadi ugwe uonekane umepumua, vinundu vya mfupa husagwa, kisha nafasi hujazwa kipande cha mfupa kutoka nyongani au kijisanduku maalumu, na juu yake bamba la titani na skrubu. Aliyechukuliwa mfupa nyongani asishangae nyonga ikimuuma kuliko shingo. Kwa diski moja, kazi huchukua saa moja hadi mbili na nusu.

Ugwe ukibanwa ngazi tatu au zaidi, na shingo bado ina mpindo wake wa kawaida, mara nyingi huingiliwa nyuma. Mgonjwa hulala kifudifudi, kichwa kimeshikwa kwa pini tatu. Paa la mfupa juu ya ugwe huondolewa, au hufunguliwa upande mmoja na kuachwa wazi. Paa likiondolewa bila kuikaza shingo kwa skrubu na fito, shingo ya baadhi ya watu huja kuinama mbele baadaye na ugwe kubanwa upya, kwa hiyo msishangae mkiambiwa vyuma vinahitajika. Kidonda cha nyuma kinauma zaidi na huoza kwa urahisi zaidi kuliko cha mbele.

Yanayoweza kwenda mrama myajue kabla ya kutia saini. Kumeza kwa shida na sauti kukauka ni kawaida baada ya njia ya mbele, na wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Uji, mtori na ndizi laini vinatosha siku za mwanzo. Baadhi, takriban 5 kati ya 100, hasa waliofunguliwa nyuma, hushindwa kuinua bega kwa muda, na wengi wao hurudi katika miezi inayofuata. Kutoboka umio ni nadra lakini ni hatari. Mfupa unaweza kugoma kuunga, na sigara ndiyo adui wake mkubwa. Aache kabla, na asirudie. Mwenye kisukari ashushe sukari kwanza. Anayekunywa aspirini au dawa za miti shamba aseme, nyingine huzuia damu kuganda.

Kuna tatizo moja ambalo muuguzi wa zamu ndiye pekee anayeweza kuliwahi. Ndani ya saa 24 za kwanza baada ya njia ya mbele, damu inaweza kujikusanya ndani ya shingo na kuziba njia ya hewa. Huanza na mgonjwa kutotulia, kukataa kulala chali, sauti kubadilika, shingo kujaa na kuwa ngumu. Kipimo cha oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo msikingoje. Nyuzi za kidonda zifunguliwe hapo hapo kitandani, ngozi na tabaka la chini yake, damu itoke, huku daktari na mtaalamu wa usingizi wakiitwa. Sinia yenye mkasi, kibano na glovu safi ikae kando ya kitanda usiku kucha, na kitanda kiinuliwe kichwani nyuzi 30. Ndugu anayelala na mgonjwa akiona hayo, apige kelele, hakuna atakayemlaumu.

Nyumbani, kola huvaliwa kama alivyoagizwa, mara nyingi wiki 6, wengine hawapewi kabisa. Kujitwika kichwani, kupanda bodaboda na kulima vingoje angalau miezi 3, hadi eksirei ionyeshe mfupa umeanza kushika. Kuunga kikamilifu huchukua miezi 3 hadi 12. Kutembea kuanze kesho yake. Vidole vidhaifu vifanyishwe kazi kila siku: kuchambua maharage, kufunga na kufungua vifungo, kukamua kitambaa. Kukwea mchikichi tena, kwa aliyeungwa pingili, jibu letu ni hapana. Atafutiwe kazi chini, kwenye kukamua au kuuza. Homa, kidonda kutoa maji, kushindwa kumeza zaidi ya awali au nguvu kushuka upya: arudi siku hiyo hiyo.

Mwisho ni safari. Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ndiyo mlango wa kupitia. Kutoka hapo rufaa huandikwa kwenda Bugando Mwanza, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma au MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Asiye na uwezo aanze na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kuuza shamba, aende na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mwenye bima ahakikishe inaonyesha hai kabla ya kupanda gari. Watumishi, barua ya rufaa iandikwe saa ya kuumia, nguvu ya kila mkono na kila mguu mlivyomkuta na mlivyomwacha, anahisi hadi wapi, kama haja kubwa inazuilika, presha na mapigo, na dawa alizopewa na saa zake. Wanaompokea wakijua kwamba asubuhi alikuwa anasukuma mguu na jioni hasukumi, wanampeleka mezani usiku huo huo. Ndugu anayesindikiza awe ndiye anayeweza kutia saini. Na picha zote, za filamu au za CD, hata za miaka ya nyuma, zisafiri pamoja naye, zimeandikwa jina na tarehe.